Kipimo Kisichovuruga Kinachopimwa: Funzo la Tarakilishi kwa Mtafiti wa Lugha

Imezoeleka miongoni mwa wanafunzi wa Kiswahili kudhani kwamba isimu haina la kujifunza kutoka kwa tarakilishi. Dhana hii ni potofu. Kwa miongo kadhaa, wahandisi wa mitambo hiyo wamekabiliwa na swali lile lile linalomkabili mtafiti wa lugha nyanjani: je, kitu chaweza kupimwa bila kuvurugwa na kipimo chenyewe?

Anayetaka kujua ni sehemu gani ya programu inayokichelewesha kichakataji, yaani ubongo wa tarakilishi, aweza kupachika amri za kuhesabu kila hatua. Hata hivyo, amri hizo nazo hutekelezwa na kichakataji kile kile, hivyo hula muda wake. Kazi ndogondogo zinazorudiwarudiwa huishia kuonekana nzito kuliko zilivyo. Takwimu huwa nyingi, ukweli ukawa haba.

Suluhisho mojawapo ni sampuli. Mwaka wa 1997, watafiti wa kampuni ya Digital Equipment Corporation walieleza mfumo uliotegemea vihesabio vilivyojengwa ndani ya vichakataji vya Alpha. Mfumo huo ulichukua sampuli zaidi ya 5,000 kwa sekunde, lakini ulipunguza kasi ya mashine kwa asilimia 1 hadi 3 tu. Muhimu zaidi ni kwamba watafiti hao waliipima gharama ya kipimo chao na kuitangaza.

Katika isimujamii, William Labov aliufafanua utata huu mnamo 1972: mtafiti hutaka kujua watu wasemavyo wasipochunguzwa, ilhali data hupatikana kwa kuwachunguza. Mwaka wa 1962, katika maduka ya New York, yeye mwenyewe aliwauliza wauzaji mahali pa bidhaa iliyokuwa ghorofa ya nne, kusudi asikie iwapo wangeitamka sauti /r/ katika jibu lao. Swali lilikuwa fupi na la kawaida. Muuzaji hakuwa na sababu ya kuipamba lugha yake.

Ni kawaida tasnifu kuorodhesha hojaji na vinasa sauti katika sura ya mbinu, kisha ikanyamaza kuhusu athari za vifaa hivyo. Mzee wa Lamu akiwekewa kinasa sauti mbele yake na kijana wa chuo kikuu, aweza kuacha Kiamu chake na kujitahidi kusema Kiswahili sanifu. Tasnifu itakayotokana na mahojiano hayo itaeleza lahaja ambayo haikusemwa.

Haimaanishi kwamba watu wanaswe kwa siri. Ridhaa ni haki yao. Kinachohitajika ni uwazi. Idara za Kiswahili hazina budi kumdai kila mtafiti alinganishe, kwa mfano, usemi wa mwanzo wa mahojiano na ule wa mwishoni, msemaji akishakizoea kifaa, kisha aitaje tofauti hiyo. Kipimo kisichojua uzito wake chenyewe hakiwezi kuaminiwa kupima uzito wa kingine.