Jibu lisitangulie swali

Katika mihadhara ya sarufi, mimi huwaambia wanafunzi wangu kwamba kiambishi -ki- ni kidogo kwa umbo lakini ni kizito kwa dhamana. Asemaye "ukija, nitakupa" amejifunga kwa sharti. Funzo hilo nimelipata upya mahali nisipopatarajia, yaani katika sataranji ichezwayo na watu walio mbalimbali.

Mchezo huo si mgeni. Kati ya mwaka 1824 na 1828, klabu za London na Edinburgh zilishindana kwa barua, Edinburgh ikaibuka mshindi. Kwa kuwa barua hukawia njiani, wachezaji wa posta walizoea kuambatanisha ahadi: ukicheza hivi, nami nitacheza vile. Leo, katika mtandao, ambako mchezaji huweza kupewa siku kadhaa kwa kila hatua, ahadi hiyo hukabidhiwa kompyuta. Hatua iliyotabiriwa ikichezwa, jibu hutoka papo hapo; isipochezwa, mchezaji hufikiri upya.

Hatari i wapi? Chukua mfano wa mchezo wa posta. Mwenye kete nyeupe amefungua kwa kusogeza askari wa malkia hadi d4. Mwenye kete nyeusi anajibu kwa askari wa g6, kisha anaongeza: "Hatua yoyote utakayocheza, nitampeleka askofu wangu g7." Mweupe anampeleka askofu wake h6. Mweusi angeweza kumla askofu huyo bila gharama, lakini aliyejifunga kwa neno "yoyote" hana budi kuingia g7. Askofu wake analiwa, na ngome iliyo pembeni haina pa kukimbilia.

Kosa hilo ni la lugha kabla ya kuwa la mchezo. "Yoyote" si sharti. Ni uvivu uliovikwa joho la sharti. Kompyuta aghalabu hudai hatua mahususi, na hilo ni jambo jema. Hata hivyo, haituzuii kuharakisha. Mimi mwenyewe niliwahi kupanga majibu matatu mfululizo nikiwa na rundo la karatasi za kusahihisha. Nilipokuja kutafakari, mpinzani alikuwa ameshacheza, nalo jibu langu bovu lilikuwa limekwisha kuondoka. Sikuwa na wa kumlaumu.

Walimu wenzangu, je, hatuwafundishi wanafunzi wetu kucheza hivyo hivyo? Mwanafunzi hukariri insha nzima juma moja kabla ya mtihani, kisha huimwaga karatasini, swali liwe la ukame au la harusi. Huyo naye ameandika "yoyote". Tukimpa alama kwa ufasaha wa methali zake, tunamthibitishia kwamba swali si kitu.

Sisemi kwamba kujiandaa ni kosa. Mpangaji hodari wa sataranji hujiandaa kuliko sote: huuliza mwenzake anaweza kucheza nini, akapima kila njia, na palipo na shaka huacha wazi. Hayo ndiyo maandalizi tunayopaswa kuyadai darasani.

Ewe mwanafunzi, itumie -ki- mapema na kwa uangalifu, usije ukaitumia -ngali- baadaye. Kwani "ningalijua" ni sentensi sahihi kisarufi, lakini haijapata kumrudishia mtu ngome yake.