Tunduma lori linapimwa, ini la dereva je?

Ukitoka Vwawa kwenda Tunduma utakutana na mizani ya Mpemba. Malori yaendayo Zambia na Kongo hupanda pale, na uzito wa mzigo ukajulikana. Lakini aliyeshika usukani, mama lishe anayempikia na kijana anayebeba magunia wanaweza kumaliza miaka 20 mjini hapa bila mtu yeyote kuwapima virusi vya homa ya ini B.

Mpakani hapa tumejifunza kupima Virusi vya Ukimwi, na hilo ni jambo la kujivunia. Homa ya ini B inapita katika njia zile zile: ngono isiyo salama, damu, wembe na sindano za kuchangia, na mama kwenda kwa mtoto wakati wa kujifungua. Haiambukizwi kwa kula sahani moja wala kushikana mikono. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na ugonjwa huu, na milioni 1.1 walikufa kwa sababu yake. Kwa nini basi hatuupi uzito?

Sababu ya kwanza ni ini lenyewe. Ini ni kiwanda cha mwili: linahifadhi sukari, linatengeneza protini za kugandisha damu, linavunja pombe na dawa. Lina akiba kubwa ya nguvu, hivyo linaweza kuharibiwa kwa miaka mingi nawe ukaendelea na kazi zako kama kawaida. Macho yakigeuka manjano na tumbo likijaa maji, mara nyingi kovu limeshatawala au saratani imeshaanza. Hapo ndipo familia nyingi huanza kutafuta nani kamroga mgonjwa, na miti shamba inayochemshwa bila kipimo huenda ikaliumiza zaidi ini lile lile.

Sababu ya pili ni kudhani kuwa chanjo imemaliza kazi. Tanzania ilianza kuwapa watoto wachanga chanjo ya homa ya ini B mwaka 2002. Piga hesabu, msomaji wangu. Kama ulizaliwa kabla ya hapo, haikukufikia utotoni. Na hao ndio wengi wa madereva, wafanyabiashara na wakulima wa leo. Mtoto mchanga akiambukizwa, uwezekano wa virusi kubaki mwilini ni karibu asilimia 90. Kwa mtu mzima ni chini ya asilimia 5. Kwa hiyo wengi wanaoishi navyo sasa huenda walivipata utotoni, bila kosa lao lolote.

Songwe tuna jambo la ziada, nalo ni mahindi. Mahindi na karanga zikihifadhiwa na unyevu huota kuvu wanaotoa sumukuvu. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na mwaka 2016 ikaua watu Dodoma na Manyara. Ini linapojaribu kuivunja, huigeuza kuwa kitu kikali zaidi kinachoharibu vinasaba vya seli zake. Watafiti waliowafuatilia wanaume wa Shanghai waliona, mwaka 1992, kwamba aliyekuwa na virusi vya homa ya ini B pamoja na dalili za sumukuvu mwilini alikuwa na hatari ya saratani ya ini zaidi ya mara 50 ya asiye na vyote viwili. Moto wa jikoni hauimalizi sumu hii. Kwa hiyo ile tabia ya kuchambua mahindi mabovu na kuyapeleka kwenye pombe ya kienyeji si kubana matumizi. Ni kumnywesha jirani sumu, tena ndani ya kinywaji ambacho chenyewe kinalichosha ini.

Maoni yangu ni haya. Penye foleni ya kupima VVU, kipimo cha homa ya ini B kiwepo hapo hapo. Tone la damu linatosha. Wenye malori wawapime na kuwachanja madereva wao kama wanavyobadilisha matairi. Na mgonjwa asiachwe: tenofovir, dawa iliyomo katika kidonge cha wanaoishi na VVU, ndiyo hiyo hiyo inayovidhibiti virusi vya homa ya ini B. Si haki mmoja aipate bure na jirani yake aanze kutafuta fedha wakati dawa ni ile ile.

Nawe usisubiri halmashauri. Nenda kapime. Ukiwa salama, pata chanjo, dozi tatu katika miezi sita. Ukikutwa nayo, usikate tamaa: si kila mwenye virusi anahitaji dawa leo, ila kila mmoja anahitaji kufuatiliwa na daktari, kuacha pombe, na kuwapeleka mwenzi na watoto wakapimwe. Mama mjamzito aulize kipimo hiki mapema kliniki, ili mtoto alindwe. Mahindi yakaushe vizuri, yaweke juu ya chanja, na yaliyoota ukungu yafukie.