Usiisome Makala Hii

Umeisoma, sivyo? Ndivyo tulivyo wanadamu. Ukikatazwa kutazama ndipo shingo inapogeuka. Mimi mchezo huu wa kumwambia mwenzako kinyume cha unachotaka naupenda sana, na nitautetea hapa, ingawa si kila mahali.

Anayeubeza na apite katikati ya jiji jioni. Manamba wa matatu za 46 za Kawangware hasemi, "Karibuni, viti ni tele." La hasha! Anapiga kelele kuwa zimebaki nafasi mbili tu, na huku baadhi ya waliokaa ndani wamewekwa pale ili gari lionekane limejaa. Nasi tunakimbilia! Muuza mitumba wa Toi naye akikuona unalipapasa koti, atakwambia, "Wacha hiyo, siste, hiyo ni ya watu wa Lavington." Hapo hata kama umebakiwa na nauli peke yake, mkono unaingia mfukoni. Mwanasaikolojia wa Marekani, Jack Brehm, aliandika kitabu kizima mwaka 1966 kueleza kwamba mtu akihisi uhuru wake wa kuchagua unabanwa, kile anachonyimwa hukitaka zaidi. Manamba angemfupishia kazi.

Sasa nina rafiki yangu, mbishi wa kupigiwa mfano. Ukisema leo Jumatatu, yeye atatafuta kalenda. Siku moja tulikuwa tukipita Mtaa wa Banda, penye maktaba ya McMillan, ile yenye simba wa mawe mlangoni. Nikamwambia, "Wewe ningoje hapa nje, humu ni kwa watu wanaosoma." Manze, jicho alilonipa! Akapanda ngazi mbele yangu, na kumtoa humo ndani ikawa kazi. Mpaka leo huwaambia watu kwamba yeye ndiye aliyenipeleka maktaba, nami sibishi.

Lakini jengo hilohilo lilifunguliwa mwaka 1931, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo. Hakuna awezaye kusema kuwa walinyimwa ili watamani vitabu. Walinyimwa tu. Maneno "hapa si mahali pako" ni yaleyale. Kilicho tofauti ni moyo wa anayeyasema, na anayeambiwa haoni moyo, anasikia maneno.

Ndiyo sababu siwaelewi watu wazima wanaoutumia mchezo huu kama kiboko. Nilimsikia mwalimu mmoja akiwaambia wasichana kuwa fizikia haiwafai, waiache tu. Pengine alitaka kuwachokoza wakaze buti. Wawili walikasirika kweli wakaichagua. Wengine, ambao tayari walikuwa na shaka, waliona kumbe hofu yao ni ya kweli, wakaiacha kimyakimya. Hao hakuna anayewahesabu. Tunasimuliwa tu wale wawili!

Rafiki yangu alipanda zile ngazi kwa sababu alijua fika kwamba najua anasoma. Mbishi ana kitu cha kubishia. Aliyevunjika moyo hana, na ukimwambia "nenda basi," ataenda.

Nayasema haya kwa sababu muhula huu rafiki huyohuyo aliniambia anataka kuacha shule akauze mboga na shangazi yake. Kwao karo imekuwa wimbo wa kila wiki. Wenzetu walinishauri nimpe dawa yake ileile: "Mwambie aende, mjue vile yeye hupenda kubisha, atarudi mbio." Nilikataa. Nilimwambia wazi kwamba nataka abaki, na kwamba twende wote kwa mwalimu mkuu tukaulize kama karo inaweza kulipwa kidogo kidogo. Hakubisha, na hilo ndilo lililonitisha.

Bado hajaamua. Jana tukiwa kituoni aliniuliza, "Ama ni ule mchezo wako tena?" Nikamwambia la.