Bagamoyo, mji mkuu wa zamani na maswali ya mtoto

“Baba, mji mkuu gani huu hauna hata foleni?”

Swali hilo la binti wa darasa la nne lilimchekesha baba yake walipokuwa Mji Mkongwe wa Bagamoyo, kilomita 70 hivi kutoka Dar es Salaam. Wajerumani waliendesha koloni lao kutoka hapa hadi mwaka 1891, walipohamishia makao makuu Dar es Salaam, kwenye bandari yenye kina. Kabla ya Bagamoyo ilivuma Kaole, kilomita 5 hivi kusini. Sasa mikoko imeziba bandari yake, na yamebaki makaburi na magofu ya misikiti miwili, mmoja wa karne ya 13.

Mtoto huchoshwa haraka na tarehe. Baba huyo alitumia mwili. Walipofika Caravan Serai, kituo cha misafara ya zamani, alimweleza binti kuwa mpagazi alibeba kilo 30 hivi, karibu sawa na uzito wake, kwa miguu kutoka bara. Kisha akambeba mgongoni. Hatua hamsini tu, akamshusha akihema.

Binti hakucheka. Akauliza, “Na watoto nao walifungwa minyororo?”

Hapo ndipo wazazi wengi hukimbilia soda. Baba alichuchumaa, akamtazama usoni, akajibu: “Ndiyo, hata watoto. Ilikuwa dhuluma.” Kisha akamuuliza anajisikiaje. Walipofika misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868, alimwonyesha mahali ambapo watoto waliokombolewa utumwani walipata makazi.

Jibu fupi la kweli humtuliza mtoto kuliko kunyamaziwa, kwa sababu asipoelezwa hujazia mwenyewe, mara nyingi kwa picha za kutisha zaidi. Mzazi aanze kwa kuuliza mtoto anajua nini, ajibu alichoulizwa tu, asimpe mtoto mdogo simulizi za mateso, na aulize tena siku mbili tatu baadaye. Akianza kuota ndoto mbaya au kukataa kulala peke yake, mazungumzo yaendelee mchana, si kitandani.

Kwa safari yenyewe, Kaole iwe asubuhi, kabla jua halijawa kali. Kofia, maji ya kutosha kwa kila mtoto na viatu vya kufunika vidole, maana mawe ya matumbawe hukata. Wanaolala huko wasisahau chandarua.