Mnamtimua kocha, shimo mnaliacha

Wiki hii testi zimeniandama kweli, lakini kuna ubishi ulianza kantini juzi na bado haujaniisha. Jamaa yangu wa hosteli anafuatilia sana mpira wa Kimarekani wa vyuo, ule wa mpira wenye umbo la yai. Yeye anasema timu ya chuo ikifungwa fungwa dawa ni moja tu: timua kocha. Mie nabisha.

Tuchukue Chuo Kikuu cha Kansas. Kwenye basketi hao ni wababe, wamebeba ubingwa wa taifa 2008 na 2022. Hata huo mpira wa yai walishawahi kung'ara: msimu wa 2007, chini ya Mark Mangino, walishinda mechi 12 wakapoteza 1. Mangino akaondoka mwishoni mwa 2009, balaa likaanza.

Akaja Turner Gill: misimu miwili, ushindi 5, vipigo 19. Virago. Akaja Charlie Weis, jina kubwa, alishafundisha Notre Dame: 6 kwa 22, katimuliwa msimu wa 2014 ukiwa bado mbichi. David Beaty: 6 kwa 42. Les Miles, bingwa wa taifa na LSU huyo: 3 kwa 18, akaondoka Machi 2021 kwa mambo ya nje ya uwanja. Jumlisha na kocha wa muda wa 2014, kuanzia 2010 hadi 2020 Kansas ilishinda mechi 21, ikapoteza 108. Jamani, wote hao hawajui kazi?

Mie naona hivi. Mchezaji wa chuo anaingia ana miaka 18, anahitaji miaka miwili mitatu ajengeke mwili na ashike mfumo. Kocha ukimpa misimu miwili, anaondoka vijana wake hawajaiva. Na kwa kuwa anajua muda hana, anatafuta njia ya mkato. Weis alisajili kwa wingi vijana kutoka vyuo vya miaka miwili, akitegemea wako tayari. Wengi hawakudumu. Beaty alipoingia 2015 akakuta wachezaji wenye ufadhili ni pungufu sana ya wale 85 walioruhusiwa wakati ule. Msimu huo akafungwa mechi zote 12. Shimo kachimba mwingine, katumbukia yeye.

Hili linaniuma kwa sababu nimelionja. Kwenye mazoezi ya kufundisha nilipewa hesabu kidato cha pili, nikiwa mwalimu wao wa nne mwaka ule. Kila aliyekuja alianza upya, madaftari yao yana mada ya kwanza mara tatu! Walipofeli nikaitwa ofisini kuulizwa nimefundisha nini. Kwa wiki chache zile?

Jamaa akanijibu: mbona Indiana? Kweli, 2023 walishinda 3 wakapoteza 9, akaja Curt Cignetti, 2024 wakashinda 11 wakapoteza 2. Nakubali, siku hizi wachezaji wanahama vyuo kirahisi. Ila Cignetti alihama James Madison na kundi la wachezaji wake na wasaidizi wake. Huyo hakuanza sifuri, alikuja na darasa lake.

Na Kansas wenyewe? 2021 wakamchukua Lance Leipold, akaja na wasaidizi wake kutoka Buffalo. Msimu wa kwanza 2 kwa 10. Wakamvumilia. 2022 akapata 6 kwa 7, na timu ikaalikwa mechi ya baada ya msimu kwa mara ya kwanza tangu 2008. 2023: 9 kwa 4. 2024 akashuka, 5 kwa 7, bado wakambakisha.

Sisemi kila kocha anayefukuzwa kaonewa, wengine wamejitakia. Ila kabla hujamfungashia mtu virago, uliza kwanza alikabidhiwa nini na alipewa muda gani.

Haya, nakimbilia kipindi. Mwenye kubisha aje kantini, ila chai analipa yeye.