Mfa Maji Asiachwe Akamate Maji

Wahenga wetu walinena kwamba mfa maji hukamata maji. Wengi huitumia methali hiyo kumsimanga mtu aliyefikwa na dhiki akashika lisiloshikika. Sisi leo tunaitumia kwa maana yake ya asili, kwa kuwa tunaishi kando ya ziwa, na wapo ndugu zetu wanaokufa maji hatua chache tu kutoka pale waliposimama watu wazima wenye nguvu na nia njema. Mfa maji hukamata maji pale ambapo hakuna aliyemtupia kitu kingine cha kukamata.

Tunapenda, basi, kuzungumzia vifaa vya kuokolea watu vinavyopaswa kuwapo katika kila gati, bandari na mwalo wa Ziwa Victoria. Hatuzungumzii meli za uokoaji wala helikopta. Tunazungumzia boya, kamba, upondo na ngazi.

Alasiri ya tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la Bwisya, katika kisiwa cha Ukara, kikitokea Bugolora. Kivuko hicho kiliruhusiwa kuchukua watu 101. Waliopoteza maisha walikuwa 228. Mengi yamekwisha kusemwa juu ya kujaza watu na mizigo kupita kiasi, nayo yalistahili kusemwa. Lakini liko jambo moja ambalo halikuzungumzwa vya kutosha, nalo ni kwamba watu wale hawakufia katikati ya ziwa. Walikufa mbele ya gati, wakiwa wanaonekana na waliokuja kuwapokea. Waliokuwa wa kwanza kuwafikia walikuwa wavuvi na wananchi wa pale kwa mitumbwi yao.

Miaka minne baadaye, tarehe 6 Novemba 2022, ndege iliyokuwa na watu 43 ilianguka ziwani karibu na uwanja wa ndege wa Bukoba, na watu 19 wakafariki. Huko nako waliotangulia kufika walikuwa wavuvi, na wananchi waliishika kamba ili kuivuta ndege ile kuelekea ufukweni. Taifa zima liliwapongeza, na walistahili pongezi hizo.

Mafunzo ya matukio hayo mawili ni mamoja. Anayemwokoa mtu majini aghalabu si yule aliyeajiriwa kwa kazi hiyo, bali ni yule aliye karibu. Si kosa la askari wa uokoaji kwamba kituo chake kiko mbali. Ni maumbile ya maji yenyewe. Mtu anayezama mara nyingi hapigi kelele, kwa kuwa kinywa chake hakipati nafasi ya kuvuta pumzi, sembuse kuita. Ubongo ukikosa hewa kwa dakika chache tu huanza kuharibika. Dakika hizo hazitoshi kumpigia simu mkuu wa kituo, wala kumtafuta dereva wa boti, wala kununua petroli. Zinatosha kutupa boya, ikiwa boya lipo.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na zaidi ya tisa katika kila kumi walikuwa wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Maana yake ni kwamba msiba huu ni wetu sisi kuliko wa wengine. Wala wajibu wenyewe si mgeni. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1932 juu ya usalama wa wafanyakazi wa bandarini ulikwisha kutaka yawepo matayarisho ya kumwokoa mfanyakazi aliyetumbukia majini. Mkataba wa mwaka 1979 ukaongeza kwamba wawepo pia watu waliofunzwa kazi hiyo. Ikiwa kuli wa miaka ile alifikiriwa, hatuoni sababu ya kumsahau mchukuzi wa leo anayepita juu ya ubao mwembamba na gunia mgongoni, au mama anayepanda mtumbwi alfajiri na mtoto mbelekoni.

Kinachohitajika hakina fumbo. Kwanza, boya la duara lenye rangi ya machungwa, lililofungwa kamba inayoelea ya urefu wa mita 30. Kanuni za kimataifa za vyombo vya baharini zinataka boya la namna hiyo liweze kubeba chuma cha kilo 14.5 katika maji baridi kwa muda wa saa 24 bila kuzama. Pili, upondo mrefu wenye kiopoo mwishoni, kwa ajili ya aliyeanguka chini ya ukuta wa gati. Tatu, ngazi iliyokazwa gatini na kushuka hadi ndani ya maji, kwa sababu ukuta laini wa saruji hauparamiwi na mtu aliyelowa na kuchoka. Mwaka 2020 ziwa lilipanda kupita kiasi kilichozoeleka, na kwa hiyo ngazi ifuate maji yalipo, si yalipokuwa siku gati lilipojengwa. Nne, taa, kwani giza halimngoji mtu.

Sasa tunamwomba kila msomaji aliye karibu na gati, awe Nansio, Kirumba, Musoma au Kemondo, aende akatazame kwa macho yake. Je, boya lipo? Kama lipo, linaonekana? Kama linaonekana, kamba yake ni nzima au imeliwa na jua? Na kama halionekani, liko wapi?

Tunauliza swali hili la mwisho kwa makusudi. Yako maboya yanayohesabiwa kila mwaka katika daftari la mali, ambayo hayajapata kuona maji. Yamefungiwa stoo, na ufunguo uko mfukoni mwa mtu aliyekwenda kula. Boya lililofungiwa stoo ni mali ya ofisi, si kifaa cha kuokolea. Heri gati lisilo na boya kabisa, maana watu wake hujua kwamba hawana, kuliko gati lenye boya lisilofikika.

Tunafahamu jibu litakalotolewa, nalo si la kupuuzwa. Wahusika watasema kwamba boya likiachwa nje litaibwa, likatwe liwe vyelezo vya nyavu, na kamba yake ifungie ng'ombe. Ni kweli kwamba wezi wapo. Lakini dawa ya wizi si kufungia uhai wa watu kabatini. Boya liandikwe jina la mwalo pande zote kwa rangi isiyofutika. Litundikwe mbele ya mama lishe na wauza tiketi, ambao wapo pale tangu asubuhi hadi jioni. Mlinzi alikague kila zamu na kutia saini. Halmashauri nazo zitunge sheria ndogo yenye adhabu kali, na wananchi waelezwe waziwazi kwamba anayeiba boya hakuiba plastiki, bali ameiba pumzi ya mtoto ambaye hajaanguka bado.

Wala isisemwe kwamba tungoje fedha. Mwalo mdogo usio na uwezo wa kununua boya unaweza kuanza na dumu. Dumu la lita 20 lililo tupu, likafungwa barabara kwa kifuniko kisichovuja, hubeba majini uzito unaokaribia kilo 20. Lifungwe kamba imara, litundikwe juu ya nguzo, na lisiteremshwe kwenda kuchotea maji. Hatusemi kwamba dumu ni badala ya boya. Tunasema kwamba asiye na boya hana udhuru wa kukosa dumu.

Kifaa bila maarifa nacho ni nusu ya kazi. Mara ngapi tumezika wawili mahali pa mmoja, kwa kuwa aliyejitosa kuokoa alikabwa na aliyekuwa akizama, wakaenda chini pamoja? Ushujaa wa namna hiyo tunauheshimu, lakini hatuwezi kuuhimiza. Kila mchukuzi, kila mvuvi na kila mwanafunzi wa shule za ufukweni afundishwe kanuni fupi: tupa kwanza, usijitose. Boya litupwe kupita pale alipo mtu, kisha kamba ivutwe taratibu hadi imfikie, na kamwe lisilengwe kichwani. Somo hilo ni la nusu saa, na askari wetu wa zimamoto na uokoaji wanaweza kulitoa mwaloni siku ya gulio.

Wanazuoni wana neno kwa wajibu wa aina hii, nalo ni fardhi kifaya: akiutimiza mmoja, wengine wamesalimika, usipotimizwa na yeyote, wote wana dhambi. Hivi ndivyo lilivyo gati. Mamlaka ya bandari hudhani ni kazi ya halmashauri, halmashauri hudhani ni kazi ya mwenye chombo, na mwenye chombo husema kwamba abiria akikwisha kushuka si wake tena. Baina ya hao watatu kuna kipande cha maji cha mita chache, na ndicho kinachoua.

Kwa hiyo tunashauri kwamba kila gati na kila mwalo liandikwe jina la mtu mmoja, kwa cheo chake, atakayeulizwa juu ya boya, kamba, upondo na ngazi. Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, ambavyo viko mialoni siku zote, vipewe kazi ya ukaguzi. Madiwani waulize habari hiyo katika vikao vyao kama wanavyouliza habari ya ushuru.

Tume huundwa baada ya msiba, na rambirambi hutolewa baada ya maziko. Boya hutundikwa kabla. Tunawataka viongozi na wananchi wa mwambao wote wa ziwa wafanye kazi hii ndogo sasa, wakati gati limetulia na hakuna anayelia.