Goli la Sebuleni, Goli la Chumbani

Mwezi huu tuongee kuhusu rimoti. Usicheke! Kwangu kila wikiendi ilikuwa vita: mume wangu mpira wa Uingereza, mimi tamthilia yangu, king'amuzi kimoja, kochi moja.

Kijana wa kompyuta ofisini ndiye aliyenifumbua macho. Kumbe malipo yale yale ya king'amuzi yanakuruhusu kuangalia chaneli zako kwenye kompyuta. DStv, kwa mfano, unafungua tovuti yao, unaweka nywila, kwisha kazi. (Ila usimgawie shemeji nywila yako. Mwaka 2022 MultiChoice, wenye DStv, walibana: kwenye intaneti kifaa kimoja tu kwa wakati mmoja. Akikuwahi, imekula kwako.)

Basi nikahamia chumbani na kompyuta yangu mpakato, hedifoni masikioni. Raha! Wiki mbili hakuna aliyenuna. Ya tatu ndio nikashtuka. Toka Ijumaa usiku mpaka Jumapili tulikuwa tumeongea mambo mawili tu, luku na bando. Na bando lenyewe linaliwa kweli; Netflix wenyewe wanasema video ya HD inaweza kula mpaka GB 3 kwa saa.

Sasa sikia. Mimi na huyu bwana wote ni Arsenal, tena tulifahamiana kwenye kibanda cha mpira. Jumamosi moja tamthilia ikaisha mapema, nikafungua mechi kule kule kitandani. Kuinuka niende sebuleni? Nilikuwa bado na kinyongo cha asubuhi. Mara nasikia ukuta unatetemeka: "Gooooli!" Kwangu mpira bado uko katikati ya uwanja.

Nikasubiri. Kwenye intaneti picha hukatwa vipande vya sekunde chache chache, na kompyuta hujiwekea akiba ya vipande kadhaa kabla ya kukuonyesha, kwa hiyo dishi linakutangulia, wakati mwingine kwa nusu dakika nzima. Goli langu lilipofika nikapiga kelele peke yangu, kama chizi. Sebuleni kimya, mwenzangu alishamaliza kushangilia.

Akaja mlangoni. "Kumbe na wewe ulikuwa unaangalia?"

"Ndio."

"Sasa mbona hukuja, mke wangu?"

Jibu sikuwa nalo, jamani. Alisimama pale kidogo, akarudi kwenye mechi yake. Kipindi cha pili nikajikaza, nikabeba mto wangu nikaenda kukaa kwenye kochi. Hatukuongea mpaka kona ya dakika za mwisho.

Siku hizi Arsenal ikicheza kompyuta inafungwa. Tamthilia bado naangalia chumbani, na yeye kila mara hupita pale, eti anatafuta chaja. Juzi kaniuliza yule dada mwishowe kaolewa na nani.